Fidia Itangulie Ukuta

Kuna usemi mmoja umeenea siku hizi katika maofisi ya miji mikubwa, na hata huku kwetu Lusangi watu wa shule wameanza kuukariri: «Wenyeji wanakataa maendeleo.» Serikali ikitaka kufunga mto kwa ukuta ili ipate umeme, kazi ile ambayo wengi wetu twaiita baraji, na watu wa mahali pale wakiuliza neno moja tu, «Na mashamba yetu?», mara huitwa wajinga, watu wa zamani, adui wa nchi. Usemi huo naupinga. Si wa kweli, tena una hatari, kwa sababu humfunga mdomo yule atakayeumia wa kwanza, na humpa kisingizio yule ambaye deni lake halijalipwa.

Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya: mimi nautaka umeme. Nani asiyeutaka? Mama anayejifungua usiku kwa mwanga wa tochi autaka. Muuguzi mwenye chanjo za kuhifadhi katika baridi autaka. Mkulima wa mpunga wa Kasongo, anayekoboa kwa kinu au kwa mashini inayokunywa mafuta ya bei ghali, autaka kuliko hao wanaomwita mjinga. Kwa hesabu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni, katika nchi yetu nzima ni mtu mmoja tu kati ya watano hivi anayepata umeme, na vijijini ni wachache mno. Kwa hiyo hatubishani kama ukuta ujengwe au usijengwe. Twabishana juu ya jambo lingine: nani alipwe, na alipwe lini.

Tuanze na Inga, kwa maana ndiyo kazi kubwa kuliko zote za namna hii katika Kongo, na mambo yake yanajulikana. Mtu wa Lusangi ataniambia: «Inga ni mbali, zaidi ya kilomita 1400 kutoka hapa, yatuhusu nini?» Yatuhusu, ndugu yangu. Mito ya Kabambare, na Luama ndio mkubwa wao, humwaga maji yake katika Lualaba. Lualaba hupita Kasongo na Kindu, na baada ya Kisangani huitwa Kongo; na Kongo ndio mto wa Inga. Maji mnayochota asubuhi huku kwetu, baada ya safari ndefu, ndiyo yanayozungusha mashini kule.

Basi mto ukiisha kuipita Kinshasa, huacha utulivu wake na kuanza kushuka kwa kishindo kuelekea baharini. Mahali paitwapo Inga, katika jimbo la Kongo-Central, maji huteremka karibu mita mia moja katika mwendo wa kilomita kumi na tano hivi. Wahandisi husema ya kuwa hakuna mahali pengine duniani penye nguvu nyingi hivyo pamoja: huhesabu kiasi cha megawati 40,000, kama zingetumika zote. Wabelgiji walipaona, wakapapima, na kabla ya uhuru mipango ilikuwa imekwisha kuchorwa. Baada ya uhuru kazi ikaendelea mikononi mwa Wakongo wenyewe. Inga ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1972, yenye megawati 351. Ya pili ikafuata mwaka 1982, yenye megawati 1424. Ni kazi za kustaajabisha, na mtu asiyezistaajabia ana moyo mgumu.

Lakini pale Inga hapakuwa pori tupu. Palikuwa na koo zenye vijiji vyao, mashamba yao, misitu ya kuwinda, mahali pa kuvua, na makaburi ya wazee wao. Waliambiwa waondoke, wakaondoka. Wale walioondolewa wengi wamekwisha kufa. Wanaodai leo ni watoto na wajukuu wao. Wanasema fidia ya ardhi ile hawajapata kuiona kama ipasavyo. Wameandika barua, wamekwenda Kinshasa, wamepokea wageni wa kila namna wenye kalamu na madaftari, na wageni wakarudi kwao. Hesabuni wenyewe: tangu 1972 hata leo ni zaidi ya miaka hamsini. Deni la zaidi ya miaka hamsini! Mchuuzi wa sokoni Kasongo akimdai mwenzake bei ya kilo mbili za chumvi kwa mwezi mmoja, huenda kwa sultani. Na hawa, walioitoa nchi yao nzima, waitwe adui wa maendeleo kwa sababu wanauliza?

Tena wako wengine pale Inga ambao si wa koo zile. Walikuja kama wafanyakazi, wakajengewa kambi, na kambi hiyo mpaka leo huitwa Kambi Kinshasa. Kazi ilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi. Wakazaa pale, wakazika pale, wajukuu wao hawajui kwao kwingine. Watu hawa wanaishi katika wasiwasi. Kila habari ya Inga ya tatu inapotangazwa katika redio, wao husikia habari nyingine ndani yake, yaani habari ya kuhamishwa. Mwenye nyumba isiyo na hati, juu ya ardhi isiyo yake, katika kambi ya kazi iliyokwisha zamani, atahesabiwa katika kitabu gani?

Sasa nifuateni, niwaonyeshe waya. Umeme wa Inga ulipokuwa tayari, wakubwa wa wakati ule waliamua kuupeleka Kolwezi, kwenye migodi ya shaba, mbali kiasi cha kilomita 1700. Waya huo ulimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unapita juu ya misitu, juu ya nyika, juu ya vijiji vya watu, na chini yake watu huwasha koroboi. Kwa nini? Si kwa uchoyo tu, ipo sababu ya ufundi, na ni vizuri tuielewe. Umeme unaosafiri mbali namna ile ulitengenezwa wa aina ya mkondo mmoja, usiogeuka-geuka, ili usipotee njiani. Umeme wa aina hiyo huwezi kuuchota popote kama unavyochota maji kwenye bomba. Ili kijiji kiupate, lazima kwanza kijengwe kituo cha kuugeuza, nacho kina gharama kubwa sana. Basi wakajenga kituo mwanzo wa waya na kituo mwisho wake. Katikati hakuna kitu. Naam, ni sababu ya ufundi. Lakini fundi hufanya alichoagizwa. Aliagizwa kufikisha umeme mgodini, akaufikisha.

Na angalieni ajabu iliyo ndani ya jambo hili. Kolwezi iko kule juu, karibu na mwanzo wa Lualaba. Maji yatoka upande ule, yashuka Kongolo, yapita Kasongo na Kindu, yazunguka Kisangani, yateremka mpaka Inga; na pale yakigeuzwa umeme, umeme warudi kwa waya mpaka Kolwezi ulikotoka mto. Duara zima la Kongo! Sisi tulio kando ya duara hilo twasikia sauti ya maji tu.

Mambo hayo hayakukoma Inga. Mto wetu wenyewe, Lualaba, umekwisha kufungwa kule juu zaidi ya mara moja. Kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji ilijenga ukuta wa Nzilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wa Nseke katikati ya miaka ile ile. Katika miaka yetu hii umejengwa wa Busanga, wenye megawati 240, hasa kwa ajili ya mgodi wa Sicomines, kampuni ya Wachina pamoja na Serikali yetu. Huko Busanga vijiji vilihamishwa, na mashirika ya raia yakalalamika juu ya fidia na juu ya namna watu walivyotolewa. Ukisoma malalamiko hayo utafikiri ni yale ya Inga yamenakiliwa. Kwetu Maniema nako, mtambo wa Lutshurukuru, karibu na Kalima, ulijengwa zamani na kampuni ya bati kwa ajili ya bati. Mazoea ni hayo: mto ni wa wote, umeme ni wa mgodi.

Je, kazi kama hiyo yaweza kufika karibu nasi? Sisemi imepangwa, maana sitaki kuwatia watu hofu ya bure. Lakini mtu aliyepata kufika pale chini ya Kongolo, ambapo Lualaba, mto mpana, unabanwa ghafla na mawe pande zote mbili, pale Wazungu walipopaita Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu, hana haja ya kusomea uhandisi ili aelewe ya kuwa siku moja watu wenye darubini watasimama pale. Na Luama nao una maporomoko yake. Nchi inahitaji umeme, migodi inahitaji umeme zaidi, na fedha za wageni zinatafuta mahali pa kuwekwa. Kwa hiyo afadhali tujifunze sasa, wakati hakuna haraka, kuliko kujifunza siku ile magari ya manjano yanaposhuka barabarani.

Nirudi kwa wale wanaosema wenyeji ni wakaidi. Hoja yao ya kwanza ni hii: «Ardhi ni ya Serikali. Mwenyeji hana hati. Utamlipaje mtu asiye na hati?» Wanaitegemea sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Kweli, sheria ile ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Na juu ya ardhi za vijiji ilisema kwamba amri ya Rais itatolewa ili kueleza haki za wenyeji. Miongo ikapita, amri ile haikutoka. Yaani Serikali iliahidi kuandika haki ya mwanakijiji, haikuiandika, kisha mtumishi wake anamwambia mwanakijiji: «Haki yako haikuandikwa.» Ni nani hapa mwenye kosa?

Tena hoja hiyo haisimami hata mbele ya sheria zenyewe. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977, inayohusu kutwaa mali ya watu kwa faida ya wote, inataja waziwazi haki za jumuiya za wenyeji juu ya ardhi wanazozitumia, na kuziweka miongoni mwa vitu ambavyo Serikali ikivitwaa lazima ivilipie. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya jumuiya, iwe imepatikana kwa sheria au kwa desturi. Kwa desturi! Shamba ulilopewa na babu yako mbele ya wazee, bila karatasi, Katiba inalijua. Halafu inasema mtu hawezi kunyang'anywa mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, na kwa fidia ya haki tena ya kutangulia.

Naomba msomaji asimame kidogo katika neno hilo la mwisho. Kutangulia. Watu wengi huzungumza juu ya kiasi cha fidia, wakisahau wakati wake. Lakini vita yote iko hapo. Fidia itangulie, ukuta ufuate. Kwa nini walioandika Katiba walitia neno hilo? Kwa sababu walijua tabia ya wenye nguvu. Kabla ukuta haujajengwa, mwenyeji ana kitu mkononi: bila yeye kuondoka, kazi haianzi, na benki za ng'ambo haziachii fedha. Siku hiyo mkubwa humjia na viti na soda. Ukuta ukiisha kusimama na maji yakiisha kupanda, mwenyeji hana kitu tena. Ni mwombaji mlangoni pa ofisi, na ofisi hubadili mkubwa kila baada ya miaka miwili, na mkubwa mpya husema faili haionekani. Koo za Inga hazikushindwa kwa sababu madai yao yalikuwa dhaifu. Zilishindwa kwa sababu maji yalitangulia.

Hoja ya pili ni ya udanganyifu. «Wanakijiji wakisikia fidia inakuja, hupanda miembe usiku, hujenga vibanda vya siku mbili, huleta mashemeji kutoka mbali.» Sitakataa. Yako mambo hayo, hata huku kwetu yangekuwako, maana sisi si malaika. Lakini dawa yake inajulikana dunia nzima: huwekwa siku moja ya mwisho ya kuhesabu, hutangazwa sokoni, kanisani na msikitini, kisha wahesabuji hupita mbele ya mashahidi, na anayejenga baada ya siku ile hahesabiwi. Wakati wa udanganyifu hufunguliwa na nani? Na yule anayetangaza kazi leo, akaja kuhesabu baada ya miaka minne. Akichelewa yeye, asilaumu miembe.

Tena hesabu ikicheleweshwa, mwenye kuumia zaidi ni mtu mnyofu. Ameambiwa asipande miti mipya wala asitengeneze nyumba, maana mahali pale patachukuliwa. Anatii. Manjanja yanavuja, hayabadilishi. Mibuni inazeeka, haipandi mingine. Kazi inaahirishwa mwaka huu na mwaka ujao. Inga ya tatu imetangazwa mara ngapi? Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitoa fedha za kuiandaa. Julai 2016 ikazisimamisha, kwa kuwa haikukubaliana na Serikali juu ya mwendo wa kazi. Juni 2025 ikarudi, ikakubali dola milioni 250 za kwanza katika mpango wa dola bilioni moja. Kwa mtu wa Kinshasa hizo ni habari za gazeti. Kwa mwenyeji wa Inga ni zaidi ya miaka kumi ya kutojua kama apande au asipande. Nani atamlipa miaka hiyo?

Kwa haki niseme neno jema pia: safari hii Benki yenyewe inasema ya kuwa sehemu ya fedha za kwanza ni kwa ajili ya maendeleo ya jumuiya zilizo jirani na Inga, kabla ya zege. Hilo ndilo tunalolisema sisi. Likifanyika kweli, nitakuwa wa kwanza kulisifu. Lakini lisiitwe zawadi. Ni malipo ya deni la zamani, na deni likilipwa nusu, nusu nyingine hubaki.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inavaa nguo ya uzalendo: «Wachache wajitoe kwa ajili ya wengi.» Hebu tuipime kwa mambo yaliyotokea. Ukuta wa Kariba, katika mto Zambezi, ulijengwa tangu 1955 hata 1959. Watu wa kabila la Watonga kiasi cha 57,000 waliondolewa bondeni. Mwaka 1958 wengine walikataa katika nchi ya Chifu Chipepo, polisi wakawapiga risasi, wakafa watu wanane. Umeme ukaenda migodini na mijini, na miongo mingi baadaye vijiji vingi vya Watonga vilikuwa bado gizani. Kule Ghana, ukuta wa Akosombo wa mwaka 1965 uliwahamisha watu wapata 80,000, na katika maji yale yaliyotulia watoto wa kandokando wakaugua kichocho kwa wingi, ugonjwa ambao mto wenye mwendo haukuwa umewaletea kiasi kile. Mbona wachache wanaojitoa ni wale wale kila nchi? Mbona hatujasikia mtaa wa wakubwa ukijitoa? Tena kujitoa ni tendo la hiari. Mtu akitolewa na askari, hakujitoa.

Liko jambo jingine ambalo wenye kusifu mabaraji hulisahau, nalo ni la wale wanaokaa chini ya ukuta. Hao hawahamishwi, kwa hiyo hawahesabiwi kabisa. Katika Tanzania umejengwa ukuta mkubwa katika mto Rufiji, wenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, megawati 2115. Aprili 2024 mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, maji yakafunguliwa kutoka bwawani, na mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti zikaingiwa na mafuriko. Wakazi walilalamikia maji yaliyofunguliwa. Serikali ikajibu kwamba bila ukuta ule mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Yawezekana. Sisi hatukai kule, hatuwezi kuamua. Lakini swali la mtu wa chini ya ukuta labaki pale pale, liwe Rufiji au Lualaba: siku mtakapofungua milango, nani atapiga kengele, saa ngapi kabla, na kengele hiyo itasikika mpaka kijiji gani? Mvuvi mwenye mtumbwi hasomi barua ya ofisi. Na mkulima wa kandokando ya mto hutegemea mafuriko ya kiasi, yale yanayoleta udongo mzuri kila mwaka. Akinyimwa hayo huona shamba lake likichoka bila kujua sababu. Sheria yetu ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka uchunguzi ufanywe kwanza na raia waulizwe. Nasisitiza tena: kwanza. Si kuwaita watu thelathini katika jumba, kuwapa mikate, kuwapiga picha, na kuandika kwamba wenyeji wamekubali.

Sasa niseme kidogo juu yetu sisi wenyewe, maana si vyema kuwanyoshea wakubwa kidole tu. Kuna masultani wanaotia sahihi peke yao, usiku, kwa bahasha. Kuna wazee wanaogawana fidia ya ukoo mzima kabla vijana hawajajua imefika. Na katika hesabu nyingi mwanamke hayumo. Yeye ndiye anayelima mihogo na karanga, yeye ndiye ajuaye mpaka wa shamba hatua kwa hatua. Lakini siku ya kuandika majina, jina ni la mume, na fedha ni za mume, na baada ya miezi mitatu fedha zimekuwa baiskeli na pombe, na mama hana shamba wala fedha. Fidia ya shamba iwe shamba jingine kwanza, karibu na maji, lililokwisha kufyekwa. Fedha taslimu iwe ya nyumba na miti na usumbufu. Na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Atakayesema hiyo si desturi yetu, na ajibu: je, baraji ni desturi yetu?

Watu wa teritwari ya Kabambare hawahitaji hata kusafiri ili kujua mwisho wa mambo yanayoanza bila mapatano. Namoya, kule Salamabila, mgodi wa dhahabu uliingia katika uzalishaji wa biashara mwaka 2016. Ugomvi juu ya vilima walivyokuwa wakichimba wenyeji haukupata kumalizwa. Silaha zikaingia katika ugomvi huo, watu wakatekwa, na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Mgodi wa mamilioni ya dola ulisimama kabla ya miaka mitano kutimia. Wenye fedha na wasome hesabu hiyo kwa faida yao wenyewe: kumlipa mwenyeji mapema ni rahisi kuliko kuweka askari kwenye ua kila usiku.

Tufanye nini, basi, sisi tusio na baraji bado? Tuandike. Kila kijiji kiwe na daftari lake: shamba la fulani na mkewe, linaanzia mti gani, linaishia kijito gani, miti mingapi ya matunda, michikichi mingapi, makaburi ya nani. Liandikwe mbele ya wazee wa pande zote mbili za mpaka, watie sahihi au kidole. Zifanywe nakala tatu: moja kijijini, moja kwa sultani, moja misioni. Walimu wetu wanaweza kazi hiyo, na vijana wenye simu wanaweza kupiga picha za alama za mipaka. Karatasi hiyo haitakuwa hati ya Serikali, nakubali. Lakini siku mhesabuji atakapokuja, yule mwenye daftari la miaka kumi ataongea, na asiye nalo atasikiliza.

Tena tunacho kitu ambacho vijiji vingi havikumbuki kuwa ni ushahidi. Vitabu vya ubatizo vya misioni zetu, tangu wakati wa Mapadri Weupe, vimeandika jina la mtoto, la baba na mama, siku na mahali pa kuzaliwa. Mtu akikuambia familia yako ilifika juzi, kitabu kitasema babu yako alizaliwa wapi na mwaka gani. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo nao wana ndoa zao zilizoandikwa na makaburi yao yenye majina. Na wao waandike, maana mto hauulizi dini ya mtu. Parokia ziombwe kuvitunza vitabu hivyo mbali na mchwa na mvua, na kuvinakili pale ambapo kurasa zimeanza kufutika.

Kazi ya mipaka ifanywe kiangazi, tangu Juni hata Agosti, wakati majani yameungua na njia ni kavu, na mzee anaweza kutembea mpaka wote kwa siku moja akionyesha mawe. Mvua za Septemba zikianza, majani hufunika alama.